Mafuta Sugu Jikoni

Leo tuingie jiko la kukaangia chipsi ambalo ukuta wake haujaguswa kwa muda mrefu. Pitisha kidole nyuma ya jiko la gesi: kinanata, na kinachotoka ni utando wa kahawia, mzito kama gundi. Mafuta ya kupikia yakikutana na joto na hewa kila siku hugeuka, hushikamana na kukauka. Ndiyo maana maji ya baridi na sabuni hayafui dafu.

Kwanza zima jiko, funga na mtungi. Kwangua tabaka nene kwa kipande cha plastiki ngumu, ulitupe ndani ya gazeti. Usilimwage kwenye sinki, litaziba bomba. Kisha chovya kitambaa kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, kibandike ukutani, ukiache dakika 15 hadi 20. Usikimbilie kusugua, kule kulowana ndiko kunakolegeza. Palipogoma, paka magadi soda yaliyokorogwa kwa maji kidogo, ila si kwenye sufuria za alumini, zitafifia na kuwa nyeusi.

Nakusihi sana, usitumie petroli! Mvuke wake hushika moto kwa cheche tu. Wala usichanganye dawa ya klorini na siki. Hutoa gesi inayoumiza mapafu. Fungua madirisha, vaa glavu.

Feni nayo hubeba mafuta mengi. Ichomoe kwenye umeme kabla hujaigusa.