Jodari na Jua: Samaki Mzuri Anavyogeuka Sumu Kabla ya Kufika Jikoni

Leo tunateremka ufuoni. Uwe uko Vanga au Kizingitini, Mayungu au Takaungu, uwe mvuvi, mchuuzi, mama karanga au mlaji tu, keti kitako tuzungumze, maana maneno ya leo yanakuhusu.

Hebu nikuulize. Umewahi kuona watu wamekula jodari wa mchuzi, na hata kabla ya sahani kuoshwa mmoja akaanza kujikuna? Uso na shingo vinawaka moto, midomo inawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Vipele vinatoka kifuani. Baadaye kidogo tumbo linasokota, anatapika au anaharisha. Wenyeji wake watasema, "Huyo, samaki amemkataa." Na tangu siku hiyo mtu huyo hagusi samaki tena, akiwa ni mtoto, atakua akinyimwa chakula bora kuliko vyote vinavyopatikana pwani kwa bei ya mtu wa kawaida.

Sasa sikiliza vizuri. Wapo watu ambao kweli miili yao haipatani na samaki. Hao tunasema wana mzio, na daktari akishathibitisha ni lazima wajiepushe. Lakini ikiwa waliokula chungu kile kile ni watano na watatu wamewashwa, hapo usimlaumu mlaji. Mwangalie samaki. Tena uulize alikaa wapi tangu alipovuliwa.

Mambo huenda hivi. Nyama ya jodari, sehewa, nguru, vibua na hata dagaa ina kitu cha asili kiitwacho histidini. Chenyewe hakina ubaya wowote. Lakini kwenye matamvua na matumbo ya samaki mnaishi bakteria. Samaki akiwa hai, mwili wake huwazuia. Akishakufa, nao wakapata joto, husambaa kwenye nyama na kuigeuza ile histidini kuwa histamini. Na histamini ndiyo ile ile ambayo mwili wa mtu huitoa anapopatwa na mzio. Ndiyo sababu dalili zinafanana mno, hata mtu akadhani ni mwili wake wenye kasoro.

Kuna jambo ambalo ningependa kila jiko la pwani lilijue: histamini ikishaingia kwenye nyama, haitoki. Ukimkaanga samaki mpaka akauke, imo. Ukimchemsha, ukimwoka, ukimfukiza moshi, imo. Ukimtia kwenye friza mwezi mzima, bakteria watalala lakini sumu waliyokwisha itengeneza itakungoja. Ndimu haiiondoi, ukwaju hauiondoi, pilipili ndiyo kabisa. Na ubaya wake mwingine, samaki wa namna hii anaweza kuwa na sura nzuri na asitoe harufu yoyote. Pengine dalili pekee ni kwamba tonge la kwanza linachoma ulimi kama pilipili wakati mpishi hakutia pilipili. Ukihisi hivyo, tema, na uwaambie wenzako waweke mikono chini.

Basi kama moto haufai kitu, dawa iko wapi? Iko ndani ya chombo, saa ile samaki anapovuliwa.

Wataalamu wa usalama wa samaki huhesabu saa. Palipo na joto la kupita nyuzi 28 hivi, na pwani yetu wakati wa kaskazi hewa hupita hapo kila siku, jodari anatakiwa awe ameingia kwenye barafu kabla ya saa 6 kwisha tangu alipokufa. Nasema tangu alipokufa, ndugu mvuvi. Saa hazianzi kuhesabiwa ulipomtia chomboni, wala ulipofika bandarini. Chukua mfano wa jarife linalotegwa magharibi. Jodari ananasa na kufa saa 4 usiku. Nyavu zinavutwa saa 11 alfajiri. Tayari ni saa 7 amekaa maji ya vuguvugu akiwa maiti. Mnafika ufuoni saa 2 asubuhi, mnamtandaza mchangani mkisubiri mnunuzi. Huyo samaki watu watamwita "wa leo," na kwa kalenda ni wa leo kweli. Kwa hesabu ya bakteria ameshachelewa.

Kwa hiyo anayevua jarife avute nyavu mapema, na azipitie usiku kwa usiku ikiwa bahari inaruhusu. Aliyekufa na kukauka macho nyavuni asichanganywe na aliyetolewa akipapatika. Mvuvi wa mshipi ana bahati hapa: samaki wake hupanda chomboni akiwa hai, saa yake inaanza hapo hapo, mbele ya macho yake. Hata wa dema vivyo hivyo, changu na tafi hutolewa wakiwa wazima. Mimi nikiwa mnunuzi na nikapewa nafasi ya kuchagua, jodari wa mshipi nitamlipia zaidi, na sioni kwamba nimeibiwa.

Najua mtanijibu: barafu tutaiweka wapi? Ngalawa yenyewe watu wawili wakikaa imejaa. Ni kweli. Lakini hatuzungumzii kiwanda. Sanduku dogo la kuhifadhi baridi, lenye mfuniko unaobana, hukaa katikati ya chombo bila kumzuia mtu kupiga kasia. Kipimo kinachofaa katika nchi za joto ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Anza na barafu chini, panga samaki, mwaga barafu nyingine juu yake, na ufanye hivyo tabaka kwa tabaka. Barafu iliyopondwa hupoza haraka kuliko bonge kubwa, kwa sababu humkumbatia samaki pande zote. Acha maji yanayoyeyuka yapate njia ya kutoka, yasije yakawa supu ya damu. Iwe barafu ya maji safi ya kunywa. Kama kwenu hakuna mtambo wa barafu, chupa za plastiki zilizojazwa maji na kugandishwa usiku kwenye friza ya jirani zitakufikisha mahali. Hili linafaa kuzungumzwa kwenye mikutano ya BMU, kwa sababu sanduku moja kubwa la ufuoni linalotumiwa na vyombo kumi ni rahisi kuliko kila mtu kuhangaika peke yake.

Na siku isiyo na barafu? Usiseme basi tena. Mtoe samaki damu mara tu anapovuliwa, kisha mtoe matamvua na matumbo, kwa kuwa huko ndiko kwenye kambi ya bakteria. Matumbo yatolewe mazima. Ukiyapasua ndani ya samaki umewafungulia mlango. Msuuze kwa maji ya bahari ya mbali, si ya pale bandarini ambako watu na mifereji huishia. Usimlaze chini kwenye ngama, ndani ya yale maji machafu yaliyochanganyika na mafuta ya mashine. Mfunike kwa gunia lililoloweshwa, kivulini, mahali upepo unapopita, na ulilowesha tena kila linapokauka. Upepo ukipiga gunia bichi hupunguza joto kidogo. Nasema kidogo: gunia si barafu. Samaki wa gunia apelekwe nchi kavu mapema na apikwe siku hiyo hiyo.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, maana tumetaja tafi. Miiba yake ina sumu, na ya taa ni mibaya zaidi. Ukichomwa, tumbukiza mkono au mguu kwenye maji moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kujiunguza, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Yapime kwanza kwa mkono mzima, kwa sababu uliochomwa unaweza kukudanganya. Maumivu hupungua. Kisha nenda zahanati, hasa kama kipande cha mwiba kimebaki ndani au mwiba umeingia kifuani au tumboni.

Turudi ufuoni, kwa mama karanga. Mama, wewe mara nyingi hupata samaki baada ya wanunuzi wakubwa kuchagua, na jua limeshapanda. Unaambiwa, "Si utakaanga? Basi hakuna neno." Neno lipo, na sasa unalijua. Kwa changu na pono, macho maangavu, matamvua mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza vitakuambia mengi. Kwa jodari, sehewa na vibua, macho pekee hayatoshi; muulize nahodha amevua saa ngapi, kwa nyavu au kwa mshipi, na alimweka wapi. Akibabaika, mwachie. Uende ufuoni na beseni lenye mfuniko na barafu kidogo, hata ya chupa mbili. Ukifika nyumbani anza na jamii ya jodari, tafi wangoje. Mafuta yaliyogeuka meusi na kutoa povu yamwage. Aliyekaangwa mfunike nzi wasimtue, na usimrudishe kwenye sinia lililobeba wabichi hata kama lilifutwa kwa kitambaa. Anayebaki usiku alale kwenye baridi. Kama huna friji, kaanga wanaotosha siku moja.

Sasa tuingie jikoni, sehemu niipendayo. Samaki aliyetunzwa tangu chomboni hahitaji vurugu nyingi. Kwa samaki wa kupaka, mpasue, mkwaruze chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, mwache nusu saa mahali pa baridi, kisha mtie kwenye makaa yaliyokwisha shika, yasiyo na ndimi za moto. Pembeni chemsha tui zito la nazi na ukwaju, bizari na pilipili mpaka lishikane, umpake huku ukimgeuza. Lakini ile brashi au kijiko ulichompakia akiwa mbichi usikitie tena kwenye tui mtakalolia. Angalia nyama karibu na mfupa: ikiwa bado inang'aa kama kioo, ndani hajaiva ingawa ngozi imeungua. Aliyeiva nyama yake huwa nyeupe au kijivu isiyopitisha mwanga, na huachana na mfupa kwa urahisi. Ndimu hugeuza rangi ya nyama ikaonekana kama imeiva, lakini haiui vijidudu kama moto. Ukila na sima au wali, pamoja na mchicha au kisamvu, umepata mlo wa kumjenga mtoto na wa kumfaa mzee wa moyo, kwa sababu mafuta ya samaki hawa ni mazuri kwa mishipa. Mama mjamzito naye ale samaki, ila apunguze papa na samaki wengine wakubwa walao wenzao, kwani hukusanya zebaki mwilini; dagaa na vibua vinamtosha sana.

Kuna viumbe wawili ambao wao hawana saa wala barafu, usiwale kabisa. Wa kwanza ni bunju, yule anayejivimbisha. Ini, mayai na ngozi yake vina sumu inayopoozesha pumzi, na moto hauiharibu. Wa pili ni kasa. Achilia mbali kwamba sheria ya Kenya inamlinda. Nyama yake wakati mwingine huwa na sumu isiyojulikana kwa macho wala kwa kuonja. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza huko Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wanane kati yao walikuwa watoto.

Mtu akishawashwa baada ya kula jodari, fanya hivi. Zuia wote wasiendelee kula. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya, na umweleze mhudumu alikula samaki gani, saa ngapi, dalili zilianza baada ya muda gani, na ni wangapi wengine wamewashwa. Hilo la mwisho usilisahau, ndilo litakalomsaidia kutofautisha sumu ya samaki na mzio. Zipo dawa za kutuliza histamini, na wengi hupata nafuu katika saa chache. Kwa kawaida siku moja haipiti. Lakini akiwa anahema kwa shida, amevimba ulimi au midomo, anazirai, au ni mtu wa pumu au wa moyo, usingoje kukuche. Tafuta gari au bodaboda wakati huo huo, na usipoteze muda kumnywesha maziwa. Ikiwa midomo imekufa ganzi na viungo vinalegea, hasa baada ya kula samaki asiyejulikana, hiyo ni dharura ya hospitali kubwa.

Kipande cha samaki kilichobaki kitie kwenye mfuko safi, ukifunge na kukiweka kwenye baridi, mbali na watoto na paka, ili afisa wa afya ya umma akipate. Na mtume mtu mbio ufuoni akamwambie aliyekuuzia, kwa adabu, bila kumtukana mbele za watu. Pengine wenzake wa samaki yule bado wako kwenye beseni, na kuna mama anawapima sasa hivi.