Alama Ziachwazo na Muhuri Uliochakaa

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya sarafu. Sitasema habari ya kuipata wala kuiweka akiba, maana hayo mmekwisha ambiwa na watu wanaojua kuliko mimi. Nataka tuutazame uso wake, kama mganga atazamavyo ulimi wa mgonjwa.

Nianze na jambo lililonipata mwenyewe. Mwaka mmoja mvulana alileta ada yake shuleni, na katika fedha zile ilikuwamo shilingi yenye mistari myembamba mingi, kama utando wa buibui. Karani aliyepokea ada alisema ya kuwa imekwanguliwa kwa tupa ili mtu aibe unga wa madini yake, akaikataa. Nami nilipoulizwa niliitazama upesi upesi, nikasema, "Ndivyo." Kijana akarudishwa kwao, na kwa siku nne hatukumwona.

Basi, sarafu hupigwa hivi. Kuna mihuri miwili ya chuma cha pua, mmoja wa chini na mmoja wa juu, na kila mmoja umechongwa sura na maandishi kinyumenyume, kwa kwenda ndani. Kisahani cha madini kisicho na sura huwekwa katikati, kisha mashine huigandamiza mihuri ile kwa nguvu nyingi sana. Mahali palipo shimo katika muhuri, madini hupanda yakawa kilima. Palipo juu, yakawa bonde.

Kila aliyefyatua matofali ameyaona haya kwa macho yake. Kalibu yako ikipata ufa, udongo huingia katika ufa ule, na kila tofali litokalo hubeba mstari ulioinuka. Lakini tofali likikwaruzwa na jembe baada ya kutoka, mkwaruzo ule huzama, tena ni wa tofali lile peke yake. Sarafu ni vivyo hivyo. Alama iliyoinuka kwa kawaida imetoka katika muhuri, na ndugu zake wote waliopigwa baadaye kwa muhuri ule wanayo. Alama iliyozama mara nyingi imeipata sarafu njiani, mifukoni na masanduku­ni mwa watu.

Muhuri nao huzeeka. Baada ya kupiga sarafu maelfu kwa maelfu, kingo za herufi zake hulika, na herufi katika sarafu hutoka nene, zisizo na ncha, kana kwamba zinavutwa kuelekea ukingoni. Watu huidhani sarafu hiyo imechakaa kwa kushikwashikwa. Lakini sarafu iliyochakaa mikononi hulika kwanza pale palipoinuka zaidi, kama shavu na nywele za sura, na mahali hapo huwa laini na bapa. Sarafu mpya ya muhuri mkongwe yaweza kung'aa kote, na huku maandishi yake yamefifia.

Tena kuna ajali. Mara nyingine kisahani hukosa kuingia, mihuri ikagongana yenyewe kwa yenyewe, na kila mmoja ukaacha kivuli chake katika mwenziwe. Fundi huutoa muhuri na kuusugua ili aziondoe alama zile. Akisugua kwa kiasi, ni vema. Akizidisha, uso wa muhuri hushuka, mashimo yake hupungua kina, na lile lililokuwa na kina kidogo kuliko yote hutoweka kabisa.

Mfano ulio mashuhuri ni wa Marekani. Kuanzia mwaka 1913 hata 1938 nchi ile ilipiga sarafu ya senti tano iliyochorwa na James Earle Fraser, yenye kichwa cha Mhindi Mwekundu upande mmoja, na nyati mwenye nundu upande wa pili. Mwaka 1937, katika kiwanda cha mji wa Denver, muhuri mmoja ulisuguliwa kupita kiasi, na mguu wa mbele wa kulia wa nyati ukapotea. Kwato imebaki imesimama chini, peke yake, haina mguu! Watu wanaokusanya sarafu huitafuta sana sarafu hiyo, na kwa hiyo wadanganyifu nao wakaanza kuukwangua mguu wa nyati mzima. Lakini muhuri ule uliacha mashahidi wengine. Katika sarafu ya kweli mguu wa nyuma umekonda kama ulioliwa na nondo, na kutoka tumboni hata ardhini umeshuka mstari wa vipele vidogo vilivyoinuka. Kukwangua ni rahisi. Kuinua vipele mahali pake si kazi ya kila mtu.

Kiwanda kile kile kilikuwa na kisa kingine mwaka 1922. Mwaka huo senti moja za Marekani zilipigwa Denver tu, nazo hupaswa kuwa na herufi D chini ya mwaka. Hata hivyo zilitoka senti zisizo na D, kwa kuwa mihuri ilikuwa imechakaa na kuzibwa na uchafu wa mafuta. Hapa pia wako walioifuta D kwa kisu. Mtazamaji mwangalifu hutafuta mkwaruzo uliozama mahali pale.

Sasa nirudi kwa shilingi yetu. Jioni ya siku ya nne niliazima kioo cha kukuzia vitu, nikaitazama tena. Mistari ile ilikuwa imeinuka. Tena kila mstari ulikoma ukingoni mwa herufi, haukupita juu yake, kama njia ikomayo ukutani na kuendelea nyuma ya nyumba. Msasa wa fundi husugua uso wa muhuri, hauingii katika mashimo ya herufi. Tupa ya mwizi ingalianza kukata herufi zenyewe, maana ndizo zilizo juu. Nikalifungua sanduku la ada, nikapata shilingi ya pili yenye mistari ile ile, mahali pale pale.

Karani alizitazama zote mbili kwa muda mrefu, akaandika stakabadhi bila kusema neno. Mimi nilikwenda kwa miguu hata kijijini. Baba wa kijana alikuwa amekwisha uza kuku wawili ili apate shilingi nyingine. Nilimwomba radhi mbele ya watoto wake. Akasema, "Mwalimu, kuku wale walikuwa wamekwisha zeeka." Kisha akaniomba kile kioo, atazame mwenyewe.