Deni la Mhitimu: Utoaji na Kujitolea katika Milima ya Usambara

Mhitimu wa chuo kikuu huirudishia jamii kwa mali, muda na ujuzi. Mali ni ada ya mtoto wa jirani au mabati ya darasa. Muda ni siku anazofanya kazi bila ujira. Ujuzi ni utaalamu aliousomea, nao ndio ambao kijiji hakiwezi kuupata kwa kuchangishana.

Nchini Tanzania wajibu huu ulitamkwa mapema. Mwaka 1964 Mwalimu Julius Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kuleta chakula kutoka mbali. Asiporudi, ni msaliti. Miaka miwili baadaye Serikali iliwataka wahitimu walitumikie Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kuupinga mpango huo, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Nyerere naye akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Tangu hapo limebaki swali la mipaka kati ya kujitolea na kulazimishwa.

Historia ya Lushoto, wilaya iliyo katika milima ya Usambara, inatoa jibu kwa mfano wa kilimo. Katika miaka ya 1940 na 1950 wataalamu wa serikali ya kikoloni, wakianzia bonde la Mlalo, waliwaamuru wakulima wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa kuokoa udongo, lakini kazi ilikuwa nzito na faida haikuonekana. Wasambaa waliupinga mpango huo, ukafa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ulianza mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kilimo mseto, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani. Huo ulihimiza majani ya guatemala na miti katika mistari ya kontua: majani yalishika udongo na wakati huohuo yakawa malisho ya ng'ombe wa zizini. Mteremko ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba mara hii mkulima aliona maziwa na samadi.

Elimu maalumu inaonyesha thamani ya ujuzi kwa namna nyingine. Irente, karibu na mji wa Lushoto, pana shule ya wasioona ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Mwaka 2007 kilianzishwa Magamba, wilayani humo humo, chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, aliyeiongoza dayosisi hiyo, na elimu maalumu ikawa miongoni mwa fani zake kuu. Kwa mtoto asiyeona, mwalimu anayejua nukta nundu akijitolea kwa muhula mmoja humfaa kuliko magunia ya nguo za mitumba.

Hata hivyo, kujitolea kuna hatari zake. Ada ilipofutwa katika shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne mwaka 2016, wanafunzi waliongezeka na walimu hawakutosha. Wahitimu wengi wa ualimu wasio na ajira hufundisha kwa posho ndogo au bila malipo. Kazi hiyo ni ya heshima, lakini ikiendelea miaka mingi hugeuka ajira isiyo na mshahara. Ndiyo maana kujitolea kunahitaji muda maalumu, majukumu yaliyoandikwa na nauli ya uhakika.

Utoaji wa mali nao una utaratibu. Aliyesoma kwa mkopo huanza na marejesho, ambayo kwa aliyeajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara, kwa kuwa fedha hizo husaidia kuwasomesha wanaofuata. Mchango wa ujenzi hupitia serikali ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, mahali ambapo wananchi husema kama wanahitaji darasa, nyumba ya mwalimu au bomba la maji. Jengo lililoletwa bila kuulizwa huweza kukosa mwalimu, mganga au fundi wa kulitunza.

Kwa hiyo mhitimu wa Usambara anayetaka kulipa fadhila na arejeshe mkopo wake, akisikilize kijiji kabla ya kutoa, na atangulize ujuzi mbele ya mabati. Msaada usiofuata mpangilio huo humpa mtoaji sifa na kumwachia mwananchi mzigo.