ZIBA UFA KWANZA, NDIPO UTOE MAJI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na swahaba zake.

Ndugu yangu kijana, nawe mzazi unayesoma, leo twende mbali kidogo, hadi jiji la New Orleans kule Marekani, kisha turudi kwenye saumu yetu.

Jiji lile liko kama bakuli. Karibu nusu yake ni chini ya usawa wa bahari. Upande mmoja kuna mto Mississippi, upande wa pili ziwa Pontchartrain. Hata mvua ya kawaida ikinyesha, maji hayatoki yenyewe. Lazima yavutwe kwa pampu, yapite kwenye mifereji, yamwagwe ziwani. Kinachowalinda watu ni kuta.

Tarehe 29 Agosti 2005 kikaja kimbunga Katrina. Kuta zikavunjika mahali zaidi ya 50, na asilimia 80 ya jiji ikafunikwa na maji. Kimbunga hicho kiliua watu zaidi ya 1,300.

Sasa sikiliza vizuri. Kwengine maji yalipanda yakaruka kuta, ni kweli. Lakini kwenye mifereji ya 17th Street na London Avenue, kuta zilianguka kabla maji hayajafika juu yake! Juu zege limesimama, linapendeza. Chini msingi haukushika. Mwaka 2006 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, kilichozijenga, kikakiri kuwa usanifu wake ulikuwa na kasoro.

Kuna wenzetu waliosema, ati ile ni adhabu. Taratibu, ndugu yangu. Mtaa wa kale wa French Quarter, unaojulikana kwa mabaa yake, haukuzama sana. Wengi waliokufa walikuwa wazee, na wengi waliokwama walikuwa maskini wasio na gari la kukimbilia. Habari ya mafuriko ya watu wa Saba Allah Mwenyewe ametueleza sababu yake katika Qur'ani. Habari ya New Orleans hatukuletewa wahyi. Letu sisi ni kuwahurumia na kuzingatia.

Basi walifanyaje? Pampu nyingi zilikuwa zimenyamaza, nyengine zimezama. Na hata zingefanya kazi, faida gani? Ukivuta maji na ufa uko wazi, ziwa linayarudisha. Kwa hivyo helikopta zilibeba magunia makubwa ya mchanga, moja baada ya jingine, yakaangushwa kwenye ufa. Ule wa 17th Street ukazibwa tarehe 5 Septemba. Ndipo pampu zikapata maana. Kabla mwezi huo kwisha kikaja kimbunga kingine, Rita. Kwenye mfereji wa Industrial maji yakapita juu ya kiraka cha haraka, na mtaa wa Lower Ninth Ward ukazama mara ya pili. Kazi ikaendelea mpaka tarehe 11 Oktoba, siku 43 tangu kimbunga, ndipo jiji likatangazwa kuwa limekauka. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1426 Hijria, siku zake za mwanzo.

Haya, tuje kwetu. Mtume (s.a.w.) ameifananisha saumu na ngao. Ngao ni kinga, kama ukuta. Jiulize, msingi wake ukoje?

Kijana anaswali tarawehe kila usiku, na simu aliyomchukulia mwenzake bado iko mfukoni. Mwenye duka anafuturisha msikiti mzima, na mizani yake inapunja. Istighfar tunaleta, machozi yanatoka. Hiyo ni pampu, nayo ni njema. Lakini ufa haujazibwa! Ndio maana maulamaa wakatufundisha kuwa toba ni kuliacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudi, na kama ni haki ya mtu, kumrudishia. Simu irudi kesho kabla ya futari. Mizani irekebishwe leo.

Na ukishaziba, usitosheke na gunia la mchanga. Wengi wetu tunaacha mabaya mpaka mwezi wa Idd uandame tu. Rita yako itakuja Shawwal, marafiki ni wale wale, baraza ni ile ile. Imarisha: funga sita, shika jamaa ya alfajiri, badilisha kikao.

Wenzetu wale walijenga upya, kazi ya miaka na dola zaidi ya bilioni 14. Tarehe 29 Agosti 2021, miaka 16 kamili baadaye, kimbunga Ida kikapiga. Umeme ulikatika jiji zima, lakini kuta zilisimama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ewe kijana, ufa wako unaujua mwenyewe. Anza nao usiku huu.

Allah atutakabalie saumu zetu, atusitiri, na awarehemu wote wanaokumbwa na maafa. Amin.

Wabillahi tawfiq.