Mashine inawaka, lakini haitembei

 

Mnakumbuka ile siku traktopele yetu ilisimama katikati ya barabara, na mvua iko karibu. Moteri inaunguruma, kijiko kinapanda, magurudumu hapana. Fundi mmoja akasema tununue pompi ya bwate ya vitesi. Ile bei ingemaliza sanduku letu lote.

Tulianza na vidogo. Kijiko chini, mawe kwa magurudumu. Freni ya mkono: ikibaki imefungwa, mashine nyingi zinakata nguvu ya kutembea. Tukaifungua. Mafuta ya bwate: hayo ni mbali na ya kijiko, njo maana kijiko kinaweza kupanda na bwate iko kavu. Yetu yalitosha. Mwisho, tuligeuza funguo bila kuwasha moteri, tukasukuma levye mbele na nyuma, tukasikiliza kama valvu inalia «tak». Kimya. Waya ya moto ilikatika chini ya levye.

Tukaiunga, mashine ikatembea.

Ndugu, feza ya sanduku ni jasho la wote. Tupime kwanza, njo tununue.