Aibu Hailipi Deni



Wazee wetu, akina mama na vijana wenzangu wa Kilungu,

Baba aliweka rehani hati ya shamba na nyumba, akapata mkopo wa duka pale Nunguni. Duka likaanguka. Barua za benki zikaja, naye akazificha chini ya godoro. Mama, aliyetia sahihi mkopo ule, alijua habari siku dalali alipobisha hodi.

Jamani, barua zifunguliwe! Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yampa mdaiwa notisi ya miezi isiyopungua 3, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuzwa. Huo ndio wakati wa kwenda benki kuomba kupangiwa malipo upya. Na deni likishapita bei ya nyumba, msidhani mnada humaliza: benki yaweza kudai kilichobaki. Sisi tuliafikiana na benki, tukauza kipande cha shamba wenyewe. Nyumba ikabaki.

Mtasema, riba ni haramu. Kweli kabisa. Lakini anayezama huokolewa kwanza, mawaidha baadaye. Suratul Baqara, aya ya 280, yatuamuru kumpa muhula mdaiwa aliye na dhiki. Na Suratut Tawba, aya ya 60, yawataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka.

Basi Ramadhan hii, ukitoa zaka, mtazame jirani anayeficha barua. Nawe baba unayezificha, mwambie mkeo leo, baada ya futari.

Wabillahi tawfiq.