VPN inakulinda fasi gani, na inakuacha fasi gani



Kila wakati siasa inapata moto mu inchi yetu, intaneti njo inaumia ya kwanza. Januari 2015, vijana walipokataa muswada wa sheria ya uchaguzi, ilikatwa. Desemba 2016, muhula wa Kabila ulipoisha, mitandao ya kijamii ilifungwa. Desemba 31, 2017, siku Wakatoliki walitoka kuandamana, ilikatwa tena, pamoja na SMS. Na kesho yake ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, tuliingia mu giza ya siku karibu 20. Ni vile wengi wetu tulijua jina VPN. Lakini kujua jina siyo kujua kazi yake.

Bila VPN, kampuni inayokuuzia mega inaona unaingia kwa tovuti gani na saa ngapi. Haisomi ujumbe wako wa WhatsApp, juu ule umefungwa tangu simu yako mpaka simu ya mwenye kuupokea. Lakini inajua kama ulifungua WhatsApp. VPN inapitisha mambo yako ya intaneti ndani ya bomba lililofungwa, mpaka kwa seva iliyo inchi ingine. Kampuni inaona bomba tu. Tovuti nayo inaona anwani ya seva, haioni yako. Njo maana ukurasa uliofungwa hapa unaweza kufunguka: mlango unaopitia uko inje.

Sasa sikieni mambo ine ambayo VPN haifanyi.

Moja: intaneti ikikatwa yote, bomba halina maji. VPN inasaidia wakati mtandao uko, lakini wamefunga Facebook ao X.

Mbili: kupiga simu ya kawaida na SMS havipiti mule. Kampuni inajua ulimupigia nani na uko karibu na antena gani.

Tatu: ukiingia Facebook kwa jina lako, Facebook inakujua, hata seva iwe Ulaya.

Ine: mutu akishika simu yako mkononi na ikafunguka, anasoma kila kitu sawa vile wewe unasoma.

Tena kuna swali la kuaminiana. Yale ambayo kampuni ya simu ilikuwa inaona, sasa mwenye VPN njo anayaona. Mwaka 2013 Facebook ilinunua Onavo. Programu yake ilijiita ulinzi, na ilikuwa ya bure, kumbe ilikuwa inaangalia watu wanatumia programu gani na kupeleka habari kwa Facebook. Iliondolewa kwa duka la Apple mwaka 2018. Basi ukikuta VPN ya bure, uliza kwanza: nani analipa? Proton VPN ya Uswisi iko na sehemu ya bure juu wateja wenye kulipa njo wanabeba ule muzigo. Nyingi zingine hazisemi.

Na serikali zinaangalia pia. Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, iliwapa wenye kutumia VPN mpaka tarehe 30 wawe wamejiandikisha.

Kuna mwenye atasema: mimi sina cha kuficha. Sawa. Lakini mu simu yako kuna namba zetu, picha zetu, fasi tunakutana. Simu moja ikifunguka, watu makumi wamefunguka. Tena siri ya mawasiliano siyo zawadi: kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2006 kinaitambua kama haki ya kila mutu.

Tunaomba hivi, na tufanye juma hili, mbele intaneti ikatwe. Pakua VPN kwa duka rasmi, siyo faili mutu anatupa mu grupe. Weka namba ya siri ya tarakimu sita ao zaidi kwa simu, na ile ingine ya WhatsApp yenyewe. Washa ujumbe wenye kujifuta. Futa liste za majina na picha za mikutano. Tunajua mega ni bei, na VPN inakula kidogo zaidi, hasa kwetu wenye diploma bila kazi. Lakini haya mengine yote ni ya bure, na njo yanalinda zaidi.

Mwenye kujua amuonyeshe asiyejua, simu kwa simu. Tuko pamoja.